Uzi: Kwa nini graniti nyingi ni mawe ya kujengea tu, na chache ndizo zenye coltan, bati na lithiamu

#1 Mwamba Kyerwa

Wakuu, habari za muda huu.

Tangu Januari 2024, Waziri wa Madini wa Kenya wakati huo, Salim Mvurya, alipotangaza kwamba coltan (mawe yenye tantalamu na niobiamu) imeonekana Embu na kaunti nyingine kadhaa, simu yangu haipumziki kwa picha za mawe. Kila mwenye kilima cha graniti nyuma ya nyumba anataka kujua kama amelalia utajiri. Mimi nimesomea jiolojia na nimefanya kazi kwenye bati upande wa Kyerwa, Kagera, kwa hiyo naombwa ushauri hata na watu nisiowajua.

Jibu fupi: kilima chako ni kokoto. Jibu refu naliweka hapa ili niwe natuma linki tu.

Tuanze na hesabu. Ganda la juu la dunia lina tantalamu kama gramu moja kwa kila tani ya mwamba, bati gramu mbili hivi, lithiamu gramu 20 na ushee. Sasa nenda Manono, Congo. Kwenye eneo la Roche Dure, mwaka 2019 ilitangazwa hazina ya tani milioni 400 zenye oksidi ya lithiamu asilimia 1.65. Ukiipiga hesabu ya lithiamu yenyewe ni zaidi ya kilo saba na nusu kwa tani. Hiyo ni zaidi ya mara 300 ya mwamba wa kawaida. Nani aliikusanya?

Watu hudhani kuna hazina imejaa huko chini kabisa ikapanda juu. Hakuna. Ukishuka chini ya ganda la dunia lithiamu inazidi kupungua. Mkusanyiko unafanyika ndani ya magma (mwamba ulioyeyuka) yenyewe, kwa njia ya kukataliwa.

Magma ya graniti ikipoa, fuwele zinaanza kujijenga: feldispa, kwatsi, ulanga. Kila fuwele ina nafasi za atomu za ukubwa fulani na chaji fulani. Feldispa inachukua sodiamu, potasiamu, kalsiamu. Tantalamu na niobiamu zina chaji kubwa mno, seziamu ni nene mno, lithiamu na beriliamu ni ndogo mno. Hazipati pa kukaa, zinabaki kwenye rojo, yaani ile sehemu ya magma ambayo bado haijaganda. Mliowahi kufika mashamba ya chumvi kule Bagamoyo au Gongoni mmeona: chumvi ikishaganda na kukusanywa, maji yanayobaki ni machungu, yamejaa magnesiamu na bromini ambazo fuwele za chumvi hazikuzitaka. Hakuna aliyeziongeza. Zimebaki.

Sasa angalieni ugumu wake. Magma ikiganda asilimia 90, kile kilichokataliwa kabisa kinakolea mara 10. Ikiganda asilimia 99, mara 100. Graniti yenye gramu 40 za lithiamu kwa tani, ukiigandisha asilimia 99, rojo la mwisho litakuwa na gramu 4,000. Na hapo nimekuwa mkarimu, maana ulanga mweusi unamega lithiamu njiani. Manono ni karibu mara mbili ya hiyo.

Kuna tatizo kubwa zaidi. Rojo la graniti la kawaida ni zito ajabu, halitiririki. Kabla hata hujafika asilimia 90, fuwele zimeshakabana na rojo lililobaki limenaswa katikati yake, tone huku, tone kule. Linagandia humo humo. Metali zipo, ila zimetawanyika kwenye kilima kizima na hakuna atakayezipata kwa faida. Hivyo ndivyo graniti nyingi zilivyoishia.

Kwa hiyo graniti ya metali adimu ni ile ambayo rojo lake la mwisho liliweza kuchelewa kuganda na likaweza kutoka. Nikipata muda jioni naendelea na nini kililichelewesha.

#2 Bi Shamte

Naweka kambi hapa. Shusha nondo mkuu.

#3 Dogo wa Igoma

Mkuu mimi ni wa Mwanza, graniti ndiyo nyumba yetu. Ile Bismarck Rock na mawe yote ya mjini, unataka kusema ni kokoto? Au kwa sababu ni ya zamani sana madini yameshaisha?

#4 Mwamba Kyerwa

Dogo, uzee si hoja. Ndiyo, graniti za Mwanza ni za kratoni ya Tanzania (kipande cha kale na kigumu cha bara), zina zaidi ya miaka bilioni 2.5. Lakini Bikita ya Zimbabwe, Tanco ya Kanada na Greenbushes ya Australia nazo zina umri wa namna hiyo hiyo, na ni majina makubwa kabisa ya lithiamu, tantalamu na seziamu. Tofauti iko kwenye kilichoyeyushwa.

Graniti nyingi za kratoni zimetokana na kuyeyuka kwa miamba ya asili ya volkano iliyozama. Miamba hiyo ni maskini wa lithiamu na bati. Graniti za bati na coltan, zile za ukanda wa Kibara na Karagwe-Ankole (kuanzia Katanga, Maniema, Kivu, Burundi, Rwanda, hadi Kagera na kusini magharibi mwa Uganda), zimetokana kwa sehemu kubwa na tope la kale. Tope lililokaa baharini, likazikwa, likapikwa likawa mwamba uliojaa ulanga. Na ulanga ndio ghala: ndimo lithiamu, bati, wolframu, rubidiamu, florini na maji vinapokaa. Joto likipanda, ulanga mweupe unavunjika kwanza, ulanga mweusi unafuata baadaye, kwenye nyuzi 800 au zaidi. Ukivunjika unamwaga kila kitu kwenye magma.

Jambo la pili ni oksijeni. Mjapani Shunso Ishihara mwaka 1977 aligawa graniti katika makundi mawili: zenye magnetiti (madini ya chuma yanayoshikwa sana na sumaku) na zenye ilmeniti (madini ya chuma na titaniamu). Bati hupatana na zile za ilmeniti, kwa kuwa tope la kale lina kaboni inayonyonya oksijeni. Pasipo oksijeni ya kutosha, bati linabaki katika hali ambayo fuwele hazilitaki, linakwenda na rojo hadi mwisho. Oksijeni ikiwa nyingi, bati linabadilika chaji na kunaswa mapema ndani ya magnetiti na madini ya titaniamu. Limetawanyika, basi. Sumaku yako ikishika vumbi la graniti kwa nguvu, matumaini ya bati yanapungua. Si sheria ya msahafu, ila inasaidia.

Sasa vilainishi. Hapa ndipo utamu ulipo, naomba mvumilie.

Rojo la graniti ni mtandao wa silika na aluminamu zilizoshikana mikono. Maji yakiingia yanakata mikono hiyo. Florini nayo, boroni nayo, fosforasi inateka aluminamu, na lithiamu yenyewe ni mkataji mzuri. Mikono ikikatwa mambo mawili yanatokea: rojo linakuwa jepesi, linatiririka, na joto la kuganda linashuka.

Graniti yenye maji ya kutosha, kwenye kina cha kilomita saba hivi, inamaliza kuganda karibu nyuzi 680. Ongeza florini asilimia nne, joto la kuganda linashuka kwa nyuzi mia hivi. Ongeza boroni, fosforasi na lithiamu kwa pamoja, unakaribia nyuzi 500 na bado una kimiminika. Fikirieni nyuzi 180 zaidi za kuishi. Katika muda huo fuwele zinaendelea kukataa na metali zinaendelea kukolea. Na kwa kuwa rojo ni jepesi, linapenya kati ya fuwele, linajikusanya, linapanda juu ya chumba cha magma au linachanja ufa na kwenda zake.

Na vilainishi hivi vinajilimbikiza kwa njia ile ile ya kukataliwa! Kadiri rojo linavyopungua ndivyo florini na boroni zinavyozidi humo, ndivyo linavyozidi kuwa gumu kuganda. Linajiongezea umri lenyewe.

Ushahidi tunao mkononi. Macusani, Peru, kuna kioo cha volkano, obsidiani, chenye florini kama asilimia 1.3 na oksidi ya lithiamu kama asilimia 0.7, pamoja na boroni na fosforasi. Hilo ni rojo lenyewe, limeganda ghafla kabla ya kupangika. Maabara wamelisaga na kulipika upya mara nyingi.

#5 Sampuli77

Mtoa mada umeeleza vizuri lakini umeruka kitu. Huko shuleni tulifundishwa kwamba albaiti (feldispa ya sodiamu), topazi na metali hizi zililetwa na maji ya moto baada ya graniti kuganda. Graniti ilikuwa ya kawaida, maji yakaja yakaibadilisha. Mbona husemi?

#6 Mwamba Kyerwa

Swali la mtu aliyesoma. Hiyo ni nadharia ya Aleksei Beus na wenzake wa Kisovieti, 1962, graniti hizi waliziita apograniti. Haikuwa upuuzi. Ukiangalia hizo graniti, kweli nyingi zimechakazwa na maji ya moto, ulanga umekula feldispa, kwatsi na topazi vimejaa.

Kilichoipiga ni Mongolia. Mwaka 1971 V. I. Kovalenko na wenzake walieleza mwamba wa Ongon Khairkhan, wakauita ongoniti. Una topazi, albaiti, florini na lithiamu vile vile kama zile "apograniti", lakini ni mwamba wa asili ya volkano: fuwele chache ndani ya uji uliopoa haraka. Hakuna muda wa maji kuja kubadilisha chochote. Kwa hiyo rojo la namna hiyo lipo kama magma. Kesi ya msingi ikaisha pale, kwa maoni yangu.

Lakini maji yana sehemu yake, na hapa Rwanda ndiyo darasa zuri kuliko kitabu chochote. Rutongo kuna bati kwenye mishipa ya kwatsi, coltan hakuna. Nyakabingo, wolframu kwenye mishipa ya kwatsi. Gatumba, coltan na bati kwenye pegmatiti, yaani mwamba wa fuwele kubwa kubwa unaotokana na rojo la mwisho. Nchi moja, graniti za familia moja zenye umri wa miaka milioni 986 hivi. Kwa nini zimegawana?

Rojo likishiba maji, maji yanatoka kama kimiminika cha moto peke yake. Klorini inayafuata, inapenda maji kuliko rojo. Bati na wolframu zinasafiri vizuri kwenye maji hayo ya chumvi, zinakwenda hata mbali na graniti hadi kwenye mwamba wa mchanga, zinatua kwenye nyufa. Florini kwa kawaida hupenda kubaki na rojo. Na tantalamu karibu haiyeyuki kwenye maji hayo kabisa. Inabaki na florini, na lithiamu, hadi tone la mwisho.

Ndiyo maana mtu akiniambia amepata coltan kwenye mshipa safi wa kwatsi, namwomba apime tena.

Niobiamu na tantalamu ni pacha, lakini hata hapo kuna kutengana. Kolumbiti, madini ya niobiamu, inafikia kushiba mapema, inaanza kuganda, niobiamu inatoka. Tantaliti, madini ya tantalamu, inahitaji kukolea zaidi. Kwa hiyo uwiano wa niobiamu kwa tantalamu unashuka kadiri magma inavyozeeka. Ukiona uko chini ya 5, uko kwenye rojo la mwisho na maji yameshaanza mchezo. Zirkoniamu kwa hafniamu vivyo hivyo: kwenye ganda la dunia ni 36 hivi, kwenye graniti hizi unashuka hata chini ya 10.

#7 Mtoto wa Manono

Jambo kwenu wote. Mie ni wa Manono. Mzee wangu alitumika kwa Zairétain, kampuni ya bati, mpaka kazi ikasimama. Wazee wanasema wabelgiji wa kampuni ya Géomines walichukua bati na coltan miaka yote ile, hiyo jiwe ya lithiamu wakaitupa. Sasa watu wanachimba udongo mweupe kule juu, wanasema ndiyo lithiamu. Ni kweli? Na kwa nini fuwele zake ni kubwa hivyo, zimechukua miaka mingapi kukomaa?

#8 Mwamba Kyerwa

Karibu sana kaka. Wewe ndiye uko kwenye jiwe lenyewe.

Udongo mweupe: hapana. Lithiamu ya Manono imo kwenye spodumeni, jiwe gumu lenye lithiamu. Mvua na joto la kwetu vikiipata spodumeni kwa miaka mingi, inaoza kuwa udongo wa kaolini na lithiamu inaondoka na maji. Kasiteriti (madini ya bati) na coltan haziozi, na ni nzito: kasiteriti ina uzito karibu mara saba wa maji, kwatsi mara 2.65. Basi sehemu ya juu iliyooza inakuwa rahisi kuosha, bati na coltan zinabaki kwenye sinia, lithiamu imeshakimbia. Géomines walifanya kazi kubwa kwenye tabaka hilo laini, na enzi hizo soko la lithiamu lilikuwa dogo. Lithiamu iko chini, kwenye jiwe gumu, ndiyo maana likaitwa Roche Dure.

Ukubwa wa fuwele: kule Etta, South Dakota, Marekani, kulipatikana fuwele ya spodumeni ya urefu wa mita 14. Watu wengi husema lazima ilichukua mamilioni ya miaka. Sivyo. Bamba la pegmatiti lililopenya kwenye mwamba wa baridi linapoa upesi kijiolojia. Siri ni vilainishi tena: vinazuia mbegu za fuwele kuzaliwa, lakini vinaziacha atomu zisafiri haraka. Mbegu chache, chakula kingi. Zile chache zilizozaliwa zinanenepa.

Jingine kuhusu kwenu. Lithiamu ya Bikita kwa sehemu kubwa ni petaliti, madini mengine ya lithiamu, ya Manono ni spodumeni. Rojo linafanana, kilichotofautiana ni mgandamizo. Spodumeni inahitaji mgandamizo mkubwa zaidi, maana yake pegmatiti yenu iliganda kwenye kina zaidi. Hilo nalo lilisaidia: kwenye mgandamizo wa kilobari mbili, yaani kina kile cha kilomita saba hivi, rojo linabeba maji kama asilimia sita, karibu na uso wa dunia linabeba hata chini ya asilimia moja. Ukiwa chini, maji hayachemki mapema yakaondoka na kuliacha rojo likauke.

Linganisha na Beauvoir, Ufaransa, ambako mwaka 2022 kampuni ya Imerys ilitangaza mradi wa lithiamu. Kule hakuna fuwele za kutisha. Ni graniti ndogo, imejaa lepidoliti (ulanga wenye lithiamu) iliyotawanyika kila mahali, na sehemu iliyokolea zaidi iko juu, kwa sababu rojo jepesi lilipanda. Na kwa juu kumeoza kuwa kaolini, walichimba kaolini kwa miaka mingi kabla ya kuzungumza lithiamu. Kama kwenu tu.

#9 Sampuli77

Hapo kwenye kupanda kwa rojo sawa. Lakini pegmatiti nyingi hazina graniti mama karibu. Wapo wanaosema zimetoka moja kwa moja kwenye kuyeyuka kidogo kwa mwamba wa ulanga, hakuna haja ya asilimia 99 zako. Kuyeyuka kidogo nako kunakoleza.

#10 Mwamba Kyerwa

Nakubali nusu. Kuyeyuka kidogo kunakupa mtaji mzuri wa kuanzia, na kuna sehemu za dunia ambako graniti mama haijaonekana kabisa. Lakini lithiamu ya kiwango cha spodumeni kutoka kuyeyuka mara moja tu? Tope lina lithiamu gramu 70 au hata mia kwa tani. Ukiyeyusha asilimia 5 tu na lithiamu yote ikaingia, umepata gramu 1,400 hadi 2,000. Na asilimia 5 ya rojo zito nani ataitoa kwenye mwamba? Bado unahitaji kugandisha tena njiani.

Kwa Gatumba-Gitarama ushahidi uko upande wangu. Watafiti wa chuo cha Leuven na jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, wameonyesha mpangilio: karibu na graniti, pegmatiti za ulanga mweusi, mbele kidogo zenye ulanga wa aina zote mbili, mbele tena za ulanga mweupe, mwisho kabisa zile za coltan na lithiamu. Ni kama hatua za kuganda zimepangwa ardhini kwa umbali. Kwingine mjadala uendelee, hapa sioni pa kutokea.

#11 Wa Runyenjes

Boss, sisi wa Embu tunataka kujua tu: nikiwa na jiwe, nitajuaje? Kuna jamaa anakuja na ile bunduki ya XRF, kifaa cha mkononi cha kupima madini kwa mionzi, anaelekeza kwa jiwe anasema "lithium iko juu sana", anataka pesa.

#12 Mwamba Kyerwa

Mwambie arudi nyumbani. XRF ya mkononi haioni lithiamu. Atomu yake ni nyepesi mno, mionzi yake haifiki kwenye kifaa. Kuna vifaa vya leza vinavyoiona, ama upeleke sampuli maabara.

Bunduki hiyo hiyo lakini ina kazi nzuri ukijua cha kuuliza. Piga kipande safi cha ulanga mweupe au feldispa ya potasiamu, soma potasiamu na rubidiamu. Rubidiamu inajificha mahali pa potasiamu na inaongezeka kadiri rojo linavyozeeka. Graniti ya kawaida uwiano wa potasiamu kwa rubidiamu ni 200 na zaidi. Ukiona umeshuka chini ya 50, anza kukaa vizuri kwenye kiti. Ukiona 20, nipigie. Bati, niobiamu na tantalamu nazo XRF inaziona.

Bila kifaa: angalia tomalini. Nyeusi tupu ni hatua ya mapema. Ikianza kuwa ya kijani, kisha ya waridi, lithiamu imeingia. Ulanga ukiwa wa zambarau ni lepidoliti. Feldispa nyeupe yenye vibamba vyembamba kama kurasa, hiyo ni albaiti ya mwisho. Na osha mchanga wa kijito kinachotoka kwenye kilima, angalia mabaki mazito kwenye sinia. Mto umeshakufanyia kazi ya kusaga bure.

Kuhusu tangazo la 2024: kuonekana kwa madini ni jambo moja, na mashapo ya kuchimbika ni jambo lingine. Chembe ya kolumbiti unaweza kuipata kwenye pegmatiti nyingi tu. Msiuze shamba, wala msinunue.

#13 Bi Shamte

Mimi natoka Morogoro. Babu zetu walichimba ulanga Uluguru tangu enzi za Mjerumani, kwenye pegmatiti hizo hizo unazosema. Kwa nini hatujasikia coltan? Na Panda Hill ya Mbeya kuna niobiamu, ile nayo ni graniti?

#14 Mwamba Kyerwa

Bi Shamte, pegmatiti za Uluguru ziko kwenye miamba iliyopikwa kwa joto kali na kina kikubwa. Ni pegmatiti za ulanga: mabamba makubwa mazuri, lakini rojo halikupitia safari ndefu ya kukataliwa niliyoieleza. Zina vituko vyake. Mwaka 1906 Willy Marckwald alieleza madini mapya ya urani kutoka huko kwenu, akayaita rutherfordini kwa heshima ya Ernest Rutherford. Morogoro imo kwenye vitabu vya madini vya dunia nzima na watu wa Morogoro hawajui.

Panda Hill si graniti. Ni karbonatiti, magma ya kaboneti iliyotoka chini ya ganda la dunia, na niobiamu yake imo kwenye piroklori, karibu bila tantalamu. Ukikuta niobiamu nyingi na tantalamu kiduchu, shuku karbonatiti, au zile graniti za alkali (zenye sodiamu na potasiamu nyingi) kama za Jos, Nigeria, zilizoongoza dunia kwa kolumbiti katikati ya karne ya 20. Strange Lake ya Kanada na Pitinga ya Brazili ni za ukoo huo wa alkali pia. Huko zirkoniamu inayeyuka vizuri kwenye rojo, kwa hiyo haitoki mapema, inakusanyika hadi mwisho pamoja na niobiamu na metali za ardhi adimu. Florini inakuwa nyingi hadi kriyoliti, madini ya florini, inaganda. Ivigtut, Greenland, waliichimba hadi 1987.

#15 Dogo wa Igoma

Mkuu, nimepitisha sumaku kwenye vumbi la jiwe la hapa nyumbani. Limeshika balaa.

#16 Mwamba Kyerwa

Basi Dogo, kokoto. Bei ya lori huko Igoma si mbaya.